Mtani Wangu wa Biblia

Kila Jumatano baada ya uji, kipande cha reli kikigongwa, skuli yetu ya serikali hapa Korogwe hugawanywa mafungu kama nyama ya shughuli. Wakristo huingia darasani, wakakaa kwenye madawati na mwalimu wa Biblia. Sisi Waislamu hutoka nje, tukakaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa darasa hilohilo. Na wale ambao baba zao hawakuandikishwa huku wala kule, wanaotambika kwenye makaburi ya babu zao na kurudi nyumbani wameshiba, hupewa majembe wakalime muhogo wa skuli.

Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini asiye na kitabu ndiye mwenye jembe. Nilimwuliza mwalimu mkuu siku moja. Akanipa jembe nami, nikaulize hukohuko shambani.

Rafiki yangu mkubwa, kijana wa Makuyuni, ni wa fungu la majembe. Mikono yake imekomaa kama ya babu yake. Ukimcheka anakwambia, "Dini yangu muhogo. Zenu zinasomwa, yangu inalika."

Hicho ndicho kipindi cha dini. Serikali imesema mtoto asifundishwe dini ila baba yake aridhie, na anayefundisha atoke kwa watu wa dini hiyo wenyewe. Baba yangu ni mkulima wa mahindi huko Handeni, mtu wa maneno machache, lakini siku aliyonileta alikuwa ameyaweka akiba. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu na kofia yake kichwani, mimi nimekalia sanduku langu, akasema:

"Mwalimu, mtoto huyu nakuachia wiki nzima. Mpigeni, mfundisheni Kiingereza, mfanyeni mnavyojua. Jumatano yake msiiguse. Siku nikisikia Jumatano yake imeliwa, nakuja kumchukua. Nina mbuzi hawana mchungaji."

Mwalimu mkuu akasema ameelewa. Mimi ndiye sikuelewa. Nilidhani baba anaringa tu mbele ya mtu aliyevaa soksi ndefu.

Maalimu wetu alikuwa Mzigua wa kwetu Handeni, mzee mfupi aliyelala kwenye chumba cha uani nyuma ya duka la Mhindi mjini, na humohumo akifundisha watoto wa mtaa. Jumatano alikuja kwa miguu hadi skuli, bakora mkononi, akakaa kwenye gogo, akafumba macho. Sisi tunaimba sura, yeye amelala. Lakini usingizi wake ulikuwa na masikio. Ukiteleza herufi moja tu, bakora ilikuwa inaamka kabla yake.

Mwalimu wa Biblia alikuwa kitu kingine kabisa. Mnyamwezi, mrefu, mwenye tai hata jua likiwa linachemsha ubongo. Alizaliwa Ngombezi kwenye kambi za mashamba ya katani, ambako baba yake alikuja kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Wamisheni wa kule milimani Lutindi walimchukua mdogo, wakamsomesha, wakamrudisha bondeni akiwa mwalimu. Siku yangu ya kwanza skuli nilikutana naye mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Handeni."

"Mzigua?"

"Mzigua."

Akasimama. Akanipima kuanzia miguu. "Basi marahaba yangu nirudishie. Nimeitoa kwa makosa. Babu zangu walipita kwenu na kiu, mkawauzia maji."

"Tuliwauzia maji," nikasema, "kwa kuwa muhogo mlikuwa mmeshautwaa bure."

Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu wakajua nimekwisha. Mwalimu akacheka mpaka tai ikahamia begani. "Haya, mtani, pita. Ila ukilala darasani nakuuza."

Kwa asiyejua, Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, wao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani hukutusi mbele ya mkweo. Hukwapua kuku wako uani na ukamsaidia kumfunga miguu. Ukikasirika, wewe ndiye mpumbavu, na kijiji kizima kitakwambia hivyo. Hakuna aliyetufundisha haya. Hata mtoto wa kunyonya kwetu, akibebwa na Mnyamwezi, anamkojolea kwa makusudi.

Kwa hiyo Jumatano zetu zilikuwa na raha. Sisi tunasoma kwa sauti huku nje, wao wanaimba humo ndani, na katikati yetu dirisha moja lisilo na kioo. Sauti zetu zikizidi, mwalimu wa Biblia hutoa kichwa.

"Maalimu, hao vyura wako wanamzuia Musa kuvuka bahari."

Maalimu alikuwa anajibu bila kufumbua macho. "Musa alivuka zamani. Wewe ndiye bado uko Misri."

Baadaye uliwaona wawili hao wamekaa kwenye gogo wanakunywa kahawa kutoka kikombe kimoja, wakipokezana, na kila mmoja akifuta ukingo wa kikombe mwenzake akimaliza, kwa dharau kubwa.

Nikiri pia kwamba kupitia dirisha hilo nilimsikia Yusufu wao. Ni yuleyule wetu, na shimo ni lilelile. Tofauti ni kwamba humo ndani walimchelewesha gerezani mpaka reli ikagongwa. Maalimu alimtoa upesi, kwa kuwa kahawa ilikuwa inapoa.

Masika yalipokuwa yanaisha, maalimu alishikwa na kifua. Jumatano moja hakuja. Ijumaa tukaambiwa amefariki.

Mwalimu mkuu alituruhusu Waislamu kwenda maziko, yeye mwenyewe akabaki akisimamia upakaji chokaa, maana Bwana Elimu, yule Mzungu anayekagua skuli, alikuwa ametuma habari kwamba atakuja. Mwalimu mkuu si mtu wa huku. Anatoka mbali, upande wa Ziwa, na kinachomwogopesha duniani ni Bwana Elimu akifuatiwa na chura. Kutokuja kwake makaburini ndiko kulikozaa mambo yote yaliyofuata, kwa hiyo nalisema mapema.

Mwalimu wa Biblia alikuja maziko. Alikuja na koti, tai na viatu vya ngozi, akasimama na watu wa mtaa kimya mpaka jeneza likatua kando ya kaburi. Hapo akavua viatu, akavipanga vizuri, akaruka ndani ya kaburi.

"Subirini," akasema akiwa chini huko. "Nani amechimba hili? Mzee huyu alikuwa mfupi kama kinu. Hapa mmechimba urefu wa Mnyamwezi. Ni langu." Akalala chali.

Wazee wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wanalia. Mmoja akainama ukingoni. "Mgosi," akamwita, kama huku tunavyomwita mwanamume, "toka. Jua linazama."

"Sitoki bure."

"Unataka nini?"

"Nataka mali yake yote."

"Hakuwa na mali."

"Alikuwa na bakora. Amenipigia kelele nayo miaka yote. Leteni."

Ikaletwa bakora. Akaipokea, akaiangalia, akaipiga ubavu wa kaburi kama anamwamsha mtu. Ndipo akatoka, koti lote vumbi, na maalimu akazikwa. Nilipomtafuta tena kwa macho alikuwa amesimama mbali, upande wa miwa, ametupa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika, na safari hiyo sidhani kama alikuwa anacheka.

Jumatano iliyofuata tulikaa ukutani bila mtu kwenye gogo. Kiranja akaja na neno kutoka ofisini: fungu lisilo na mwalimu ni fungu la jembe. Tukaomba tupewe nafasi tutafute maalimu mwingine mjini. Tukatafuta. Kila tuliyemfuata alikuwa na chuo chake cha Kurani asubuhi hiyohiyo, watoto wake wamekaa tayari kwenye mikeka, na hakuna aliyetaka kuacha watoto wake akafundishe wa serikali.

Sasa, Mkristo akikosa mwalimu anangoja aletewe mwingine kutoka misheni, mwenye ruhusa. Kwetu haiko hivyo. Kwenye chuo cha babu yangu, babu mwenyewe hakumfundisha kila mtu. Aliyefika mbele humshika wa nyuma yake, na huyo humshika anayeanza alifu kwa kijiti, na babu hushika bakora. Anayejua ndiye mwalimu, hata kama jana alipigwa kwa kuiba maembe.

Wenzangu wote wakaniangalia mimi.

"Msinitazame hivyo," nikasema. "Mimi hata swala ya alfajiri naamshwa kwa maji."

"Hatukuchagui kwa swala," akasema mmoja wao. "Tunakuchagua kwa kichwa."

Walinichagua kama watu wanavyochagua mbuzi wa kafara, kwa kunipapasa. Na ni kweli kichwani nilikuwa nayo, juzuu juu ya juzuu. Si kwa ucha Mungu. Babu alikuwa haniruhusu kuonja bada, ule ugali wetu wa muhogo, mpaka nisome. Nilihifadhi kwa njaa. Kuna wanaofika kwa imani na kuna wanaofika kwa tumbo, na mlango ni huohuo.

Nikakaa kwenye gogo. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Wakacheka. Nikawaambia haya, tuanze. Wakaanza, na mimi nikagundua jambo ambalo halikunifurahisha: nilikuwa naipenda kazi ile. Kulikuwa na mtoto wa darasa la tano kutoka kambi za Ngombezi, ambaye hakuwahi kukaa chuoni maishani mwake, baba yake akimwacha kambini tangu alfajiri mpaka king'ora cha kiwanda. Maalimu alimfikisha kwenye herufi ya jimu akafa. Nikamchukua kutoka jimu. Siku aliyosoma peke yake neno zima, aligeuka nyuma kuangalia nani amelisoma.

Dirisha likajaa kichwa. Mwalimu wa Biblia. Akatuangalia, akatoweka, akarudi na bakora ya maalimu, akaishusha kwangu kwa ncha.

"Chukua. Nilimpora marehemu, lakini nyumbani inanitazama tu. Ukimpigia mtu, naichukua."

"Nitaifanyia nini sasa, mwalimu?"

"Onyeshea. Wewe ni Mzigua, bila fimbo hujui kulia ni wapi."

Tukaendelea hivyo wiki kadhaa, na mwalimu mkuu hakujua, maana Jumatano alikuwa anajifungia ofisini akiandaa ugeni wake. Mpaka ile Jumatano aliyotoka kukagua chokaa.

Sauti zetu zilikuwa zimepanda. Kichwa kikatoka dirishani. "Mtani, punguza. Hizo ni kelele za njaa. Babu zako walijiuza kwa kibaba cha mtama, na wewe utajiuza kwa kelele?"

Darasa lake likaangua kicheko. Langu likanigeukia mimi. Ningefanya nini? Nikasimama juu ya gogo na bakora yangu. "Mnyamwezi hana dini," nikatangaza. "Ana mzigo. Mtueni huo mzigo chini, muone kama atakumbuka njia ya kanisani."

Wakacheka ndani, wakacheka nje. Aliyekuwa hacheki alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, chokaa kwenye kidole.

Ofisini tulisimama wote wawili, mimi na mtani wangu, kama wezi wa kuku yuleyule. Mwalimu mkuu alikuwa anazunguka meza yake. Nilidhani ni hasira, kumbe ni hofu.

"Vita ya dini," akasema. "Katika skuli yangu. Dirishani."

"Mkuu, huyu ni mtani wangu," akasema mwalimu wa Biblia.

"Mtoto amesema huna dini. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo. Na mimi nimesema babu yake alijiuza. Tuko sawa."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Utani wa mafichoni ni masengenyo, mkuu."

"Kwetu tuna watani pia," akasema mwalimu mkuu. "Wanakaa vilabuni na kwenye misiba. Hawakai kwenye kipindi cha Maandiko. Bwana Elimu akija akaniuliza kwa nini Waislamu na Wakristo wanatukanana, nimwambie walikuwa wanafurahi?"

"Mwambie hivyo, ndiyo kweli."

"Haandiki kweli yule. Anaandika ripoti."

Nilichapwa. Mwalimu wa Biblia hakuchapwa kwa kuwa ana tai. Kisha hukumu: kuanzia Jumatano ijayo Waislamu wote kwenye majembe, mpaka apatikane maalimu mwenye ndevu. Na mimi nikionekana tena kwenye lile gogo na ile fimbo, nifunge sanduku langu niende Handeni.

Nikatoka nje nikajikalia kwa ubavu, maana palipochapwa palikuwa hapakaliki, nikafanya hesabu yangu. Nikilima, habari itafika Handeni na lori la kwanza la mahindi, na baba atakuja kunichukua kwa kuwa Jumatano yangu imeliwa. Nikifundisha, mwalimu mkuu atanifukuza. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwa mbuzi. Na mbuzi wa baba nawajua. Hawana utani.

Rafiki yangu wa Makuyuni akaja na muhogo wa kuchoma, akanikatia nusu. "Karibu kwenye dini yetu," akasema. "Ubatizo wake ni jasho."

"Siji," nikasema.

"Utafukuzwa."

"Nikifukuzwa nifukuzwe kwa kukaa. Kuchukuliwa na baba kwa kulima ni aibu, na mgongo utauma juu yake."

Alitafuna kwanza. "Mnapigania ukuta," akasema. "Mimi hata huo ukuta sikupewa." Nikasogea, nikampa nafasi akakaa.

Jumatano ikafika. Reli ikagongwa. Majembe yalikuwa yamepangwa mstari, mapya, mipini bado myeupe. Kiranja akasimama kando yao. Wenzangu wakasimama katikati ya majembe na ukuta, hawajui waende wapi, nami sikuwalaumu. Kila mmoja ana baba yake. Nikapita katikati yao, nikaenda kukaa kwenye gogo, bakora kwenye magoti. Yule mtoto wa Ngombezi akaja akakaa mbele yangu. Kisha mwingine. Kisha wote, wakikokota miguu.

Mwalimu mkuu akaja mbio. Soksi moja ilikuwa imeshuka.

"Simama."

Nikasimama. Heshima ninayo.

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema nifunge sanduku, mkuu. Nimeshalifunga. Liko mlangoni mwa bweni." Na kweli nilikuwa nimelifunga, kwa kamba, fundo la kufungia mbuzi. "Lakini leo Jumatano bado haijaisha, na Jumatano ni ya baba yangu. Alikwambia mbele yangu, ukasema umeelewa. Nikimaliza kipindi nitalibeba."

Akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango wa darasa ukafunguka, na mwalimu wa Biblia akatoka akifuatwa na Wakristo wote, Biblia zimebaki kwenye madawati. Hakutuangalia sisi wala mwalimu mkuu. Akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa majembe, akalegeza tai, akachagua jembe, akalipima uzito.

"Mwalimu," akasema mwalimu mkuu, "unafanya nini?"

"Napora, mkuu. Majembe haya ni ya mtani wangu. Kitu cha mtani wangu ni changu." Akageuka kwa darasa lake. "Chukueni. Twendeni tukaibe kazi ya Wazigua, wenyewe wavivu hawatatukimbiza."

Wakachukua wote, wakicheka, wakaenda shambani. Kiranja, ambaye ni Mkristo, akatazama huku na huku, akachukua la mwisho.

"Na Maandiko?" Mwalimu mkuu aliita. "Bwana Elimu atawauliza Maandiko. Padre atakuja naye."

"Tutamwambia padre tulikuwa kwenye jembe," mtani wangu akajibu bila kugeuka. "Atafurahi. Adamu alianza na hilohilo."

Mwalimu mkuu akabaki amesimama. Huku ana Waislamu waliokaa, kule ana Wakristo wanaolima, na mimi nilimwona anavyopiga mahesabu yake, maana yalikuwa yanafanana na yangu. Njia zote zilikuwa zinaishia kwa Bwana Elimu. Kufukuza mwanafunzi mmoja ni rahisi. Kueleza darasa zima la Biblia lililo kwenye muhogo saa ya Biblia si rahisi.

"Warudi darasani," akasema mwishoni, kwa sauti ya chini, akiniambia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma. "Na nyinyi kaeni hapo. Lakini nisisikie sauti. Hata moja. Siku nitakayosikia sauti kwenye ukuta huu, sanduku lako nitalibeba mwenyewe mpaka stesheni."

Nikasema ndiyo mkuu. Nikatuma mtu akawaite. Walirudi wamekata mashina mengi ya muhogo kuliko magugu, na rafiki yangu wa Makuyuni hajawasamehe mpaka leo.

Kusoma chuo bila sauti ni kama kupika bila moto. Sisi tunajifunza kwa koo. Tulikaa tukiangaliana kama samaki. Ndipo nikakumbuka babu alivyokuwa akifanya ubao unapokosekana. Nikasawazisha vumbi kwa kiganja, nikageuza bakora, nikaandika kwa ncha yake alifu moja ndefu. Wakaitazama. Wakatafuta vijiti. Ukuta mzima ukajaa migongo iliyoinama na vijiti vinavyokwaruza, na mtu akikosea nilikuwa nagusa tu kidole chake kwa bakora, anafuta, anaandika tena. Jioni zamu ya usafi ikafagia yote. Jumatano iliyofuata tukaandika upya. Vumbi la Korogwe hakuna aliyewahi kulimaliza.

Bwana Elimu alikuja Jumatano. Alikuwa mwekundu, mwenye haraka, kofia kubwa. Akapita darasani, Wakristo wakamsomea Yusufu, padre akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoka nje akatukuta tumeinama kimya kwenye vumbi.

"Hawa wanafanya nini?"

"Jiografia, bwana," akasema mwalimu mkuu.

Nikainua uso. Mwalimu mkuu hakuniangalia, lakini sikio lake lilikuwa linaniangalia.

Bwana Elimu akasogea, akasimama juu ya nilichokuwa nimechora. Ilikuwa nuni, kubwa, imepinda kama bakuli, na nukta yake juu. Akaionyesha kwa kidole. "Hii ni mto Pangani?"

"Ndiyo bwana," akasema mwalimu mkuu.

"Na hii nukta ni Korogwe?"

Aliniuliza mimi. Yote yalikuwa hapo, kwenye nukta ile. Neno moja tu nilitakiwa kusema, Korogwe, na kila mtu angekwenda kula. Mtoto wa Ngombezi alikuwa ameshikilia kijiti chake hewani, ananiangalia. Nuni ile nilikuwa nimemfundisha muda si mrefu. Nikiita Korogwe, yeye ataiita nini?

"Hapana, bwana," nikasema. "Si mto. Ni nuni, herufi ya Kurani. Hiki ni kipindi cha dini."

"Mwalimu wenu wapi?"

"Alifariki. Nafundisha mimi."

"Wewe?" Akanitazama magotini, kulikokuwa na viraka. "Baba yako anajua?"

"Baba yangu ndiye aliyetaka."

Padre alikuwa anaangalia bakora. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia kaburi lake mwenyewe, refu la kutosha Mnyamwezi. Bwana Elimu akatazama saa yake ya mkononi.

"Vyema," akasema. "Vyoo viko wapi? Nataka kuona vyoo."

Na wakaenda kuona vyoo. Ndivyo ilivyokuwa. Kumbe mtu tuliyechapwa, tukanyamazishwa na kukatiwa muhogo kwa ajili yake alikuwa amekuja kuhesabu mashimo.

Walipoondoka, mwalimu mkuu akaniita kando. Soksi zote mbili zilikuwa zimeshuka.

"Ungesema Korogwe ungekufa?"

"Mkuu, ningesema Korogwe angeniuliza Handeni iko wapi, na pale hapakuwa na nafasi ya nukta nyingine."

Alikaza midomo. Nilidhani ananipiga. Akageuka akaenda, na nikamwona mabega yake kwa nyuma, yanatikisika kidogo. Sanduku langu nimelifungua. Amri ya kutotoa sauti hajaiondoa, na sijamwomba aiondoe. Naiona kama uchimvi, kisirani cha siku, na kisirani mtu hamwombi mwenzake akiondoe, anakizoea na kukipita.

Juzi Jumatano kichwa kilitoka dirishani kama kawaida. Mtani wangu akatazama chini, kwenye vumbi, ambako nilikuwa nimeandika mstari mrefu kwa bakora ya marehemu, maneno ya Kiswahili kwa herufi zetu, ambazo yeye hajui hata moja.

"Inasema nini hiyo?"

Nikaweka kidole mdomoni. Amri ya mkuu.

"Mtani, inasema nini?"

Wenzangu wote walikuwa wameshaisoma, hata yule mtoto wa Ngombezi. Walikuwa wameziba midomo kwa mikono miwili, machozi yanawatoka, hakuna anayetoa sauti. Ilisema: Mnyamwezi, tua mzigo, uje ukae na sisi.